Wembe Ni Uleule: Hotuba kwa Wanaojinyoa kwa Wembe wa Kukunja

Mheshimiwa Mwenyekiti, ndugu wanyozi, na ninyi nyote mnaojinyoa wenyewe kwa wembe wa kukunja, nawashukuru kwa nafasi hii. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi, na wapo walioongeza kwamba akijinyoa hujikata. Sisi tuliokutana hapa tumeamua kubishana na wahenga kila asubuhi mbele ya kioo, na sidhani kama yupo miongoni mwetu ambaye hajapata kutoka nyumbani na kipande cha karatasi kimeganda kidevuni, kama hati ya kukiri kwamba wahenga hawakusema uongo.

Nimeombwa nizungumze juu ya kuendelea kujifunza, yaani kile kipindi kinachoanza pale ambapo mtu hajioni tena kuwa mwanagenzi. Sikuombwa kuwafundisha wanaoanza, na nashukuru, kwa kuwa anayeanza tayari ana mwalimu aliye mkali kuliko sisi sote, naye ni woga. Woga humfanya avute ngozi, atazame kila hatua, na ashushe pumzi kabla ya kugusa koo. Tatizo huja baadaye. Mimi nilijikata vibaya kuliko siku zote katika mwaka wangu wa tatu, si katika wiki ya kwanza. Nilikuwa nikiwaza barua ambayo nilipaswa kuijibu, nikaushusha wembe kutoka kwenye panja la kushoto kama nilivyokwisha kufanya mara mamia, bila kulisogeza sikio kwa kidole, na ncha ya wembe ikaingia kwenye ndewe. Sikusikia maumivu yoyote. Nilichokiona ni povu jeupe likigeuka kuwa la waridi, kisha jekundu, kisha tone likaanguka kwenye beseni, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba damu ile ilikuwa yangu.

Jeraha lilipona baada ya siku chache, lakini swali lilibaki. Nilirudi nyuma nikahesabu mambo niliyokuwa nimejifunza katika miaka ile mitatu, nikaona kwamba tangu mwezi wangu wa sita wa kujinyoa mkono wangu haukuwa umejifunza jambo lolote jipya. Nilikuwa nimeongeza sabuni, nimeongeza brashi, nimeongeza vinoo na nyembe, na kila nilipokwama niliongeza kitu kingine. Hoja ninayotaka kuiweka mbele yenu ni kwamba baada ya kuuzoea wembe, kujifunza kwa sehemu kubwa huwa ni kupunguza: kupunguza nguvu ya mkono, idadi ya mapito, yaani mara ambazo wembe unapita usoni, idadi ya vifaa, na idadi ya mambo tunayoyabadilisha kwa wakati mmoja. Najua hoja hiyo haiwapendezi wauza vifaa, wala haikunipendeza mimi nilipoifikia, maana kununua ni kutamu.

Ipo sababu inayotufanya tujifunze kwa kupapasa. Zamani kidogo mtu alijifunza wembe kwa kumtazama baba yake au kwa kukaa miaka chini ya kinyozi, na hata hapo haikuwa rahisi, ndiyo maana katika karne ya 18 fundi visu wa Paris aliyeitwa Jean-Jacques Perret aliona haja ya kuandika kitabu kizima cha kuwafundisha wanaume kujinyoa wenyewe. Kisha King Camp Gillette akapata hataza yake ya Marekani mwaka 1904 kwa kinyoleo chenye wembe mwembamba wa kubadilisha na kutupa, vita kuu ya kwanza ikawapa askari wengi kifaa cha aina hiyo, na waliorudi nyumbani hawakuwa na sababu ya kuwarithisha watoto wao ukanda wa ngozi na kinoo. Mnyororo ukakatika. Sisi tuliourudia wembe wa kukunja tumeurudia bila mkubwa wa kusimama nyuma yetu na kutugusa kiwiko, na kwa hiyo makosa ambayo mwanafunzi wa kinyozi angesahihishwa siku ya pili, sisi huishi nayo miaka.

Kuna na ugumu wa pili, ambao nadhani haujadiliwi vya kutosha. Mpiga kinanda akikosea sehemu fulani ya wimbo anaweza kuirudia mara mia moja kabla jua halijazama. Sisi hatuwezi. Ndevu hukua kwa takriban theluthi moja ya milimita kwa siku, shavu la kulia ni moja tu, na likishanyolewa somo limekwisha hadi kesho, kwa wengine hadi keshokutwa. Anayejinyoa kila siku ya mwaka mzima anapata nafasi 365 za kujaribu sehemu iliyo chini ya taya, na kila nafasi hudumu sekunde chache. Akibadilisha sabuni Jumatatu, wembe Jumanne, na namna ya kuvuta ngozi Jumatano, basi Alhamisi akipata mnyoo mzuri hatajua amshukuru nani.

Kwa sababu hiyo, badiliko la kwanza nililolifanya baada ya kulikata sikio langu halikuhusu wembe. Nilichukua daftari la kawaida. Kila siku naandika mistari mitatu au minne: wembe upi, mapito mangapi, wapi palikwaruza, na jioni naongeza neno moja kuhusu hali ya ngozi, kwa maana ngozi hutoa majibu yake polepole, na mnyoo uliosifiwa saa moja asubuhi unaweza kulaaniwa saa moja usiku. Sharti langu ni kubadilisha jambo moja tu kwa wiki. Naliona ni sharti gumu kuliko kunoa. Mara nyingi Jumatano nimekuwa nikitamani kujaribu jambo la pili, na mara nyingi nimeshindwa na tamaa hiyo, na kurasa za wiki hizo hazina faida yoyote.

Sasa nije kwenye mkono wenyewe, ambako nitakaa kidogo. Nguvu tunayoitumia ni kubwa mno, na hatuijui, kwa sababu hakuna anayejiona akikandamiza. Wembe mkali unapaswa kupita usoni kwa uzito wake wenyewe na mkono ufanye kazi ya kuuongoza tu. Nilidhani ninafanya hivyo, hadi nilipoanza kuitumia shabu, lile jiwe la kupaka usoni baada ya kunyoa, kama mkaguzi badala ya dawa. Jaribuni. Baada ya kunyoa na kusuuza uso kwa maji baridi, lowesheni kipande cha shabu na kukipitisha polepole uso mzima, mkisimama kila mahali kwa pumzi moja. Pale ambapo mmepita kwa wepesi hamtasikia kitu. Pale ambapo mmekandamiza, au mmepita mara nne wakati mara mbili zilitosha, patachoma, na patachoma kwa kiasi kilekile cha kosa. Siku ya kwanza niliyofanya hivyo, shavu langu la kulia lilinyamaza kabisa, na upande wote wa kushoto wa shingo ukawaka kama uliopigwa upupu. Mkono uleule, wembe uleule, asubuhi ileile. Nilikuwa nimeishi na shingo ile miaka mitatu nikiamini kwamba ina ngozi mbaya.

Jambo linaloshikamana na nguvu ni pembe. Sote tulifundishwa kwamba wembe ulale usoni kwa nyuzi 30 hivi, na njia nyepesi ya kupima ni kuacha kati ya ngozi na mgongo wa wembe nafasi inayotosha unene wa mgongo mmoja hadi miwili. Ukiulaza zaidi, unavuta nywele badala ya kuzikata; ukiuinua zaidi, unakwaruza ngozi na kukaribisha jeraha. Hilo tunalijua. Tunalosahau ni kwamba uso haukai tambarare. Shavuni mkono unaweza kushuka bila kugeuka na pembe ikabaki ileile, lakini wembe ukifika kwenye ukingo wa taya, mfupa unageuka chini yake, na mkono uliotulia vizuri kabisa unajikuta ghafla katika pembe ya nyuzi 45 au zaidi bila kufanya kosa lolote. Ndiyo maana wengi hukwaruzika kwenye mstari wa taya. Dawa niliyoiona inafaa si kuugeuza mkono kwa ustadi, bali kuivuta ngozi ya chini ya taya ipande shavuni, ili kinachonyolewa kiwe tambarare tena, na mkono ubaki na kazi yake rahisi.

Kwa maneno mengine, mkono usioshika wembe ndio wenye kazi ngumu zaidi. Wanaoanza huutazama ule wenye makali, na ni haki yao, lakini aliyekwisha kuzoea akitaka kusonga mbele na autazame mwingine kwa mwezi mzima. Vidole vikavu huvuta vizuri kuliko vidole vyenye povu, kwa hiyo weka taulo karibu na uvipanguse kila mara. Ngozi ya mdomo wa juu huvutwa kwa kuubana mdomo juu ya meno na kuisukuma pua kando kidogo, kwa namna ambayo haimpendezi mtu yeyote, na ni vyema mlango wa bafu uwe umefungwa. Kwenye koo meza mate, koromeo lipande, kisha ivute ngozi pembeni ili unyoe nje ya mfupa, si juu yake.

Na masikio pia yafundishwe. Wembe uliochimbwa sana ubavuni, ule mwembamba unaotetema, hutoa sauti unapokata nywele, nayo inasikika zaidi ukifunga bomba la maji na kuzima redio. Sauti ikiwa ya mchakato mkavu unaoendelea bila kukatika, pembe ni sahihi. Ikififia ghafla, ama nywele zimekwisha ama wembe umelala mno. Ikiwa nzito yenye kukwaruza, simama. Wembe mnene wenye umbo la kabari hausemi sana, na huenda ndiyo sababu mimi binafsi sikujifunza mengi kutoka kwake, ingawa ni wembe mtulivu na sina ugomvi na wanaoupenda.

Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba sasa niseme jambo ambalo huenda wengine wasikubaliane nalo. Ulaini wa uso si kipimo kizuri cha ustadi. Tumezoea kupitisha kiganja mashavuni baada ya kunyoa na kujipa alama kwa kadiri tunavyokosa kuhisi kitu. Lakini nywele za ndevu, hasa zile zinazojikunja sana, zikikatwa karibu mno huku ngozi imevutwa kwa nguvu, ncha yake hurudi chini ya ngozi, na zinapoanza kukua upya hujikunja na kuchoma ndani kabla hazijatoka, au hutoka na kurudi ndani tena. Hivyo ndivyo vipele vya ndevu vinavyozaliwa, na aliyewahi kuvipata shingoni anajua kwamba havina huruma. Hapa tunakutana na mvutano wa kweli katika sanaa yetu, kwa sababu wembe wa kukunja hauwezi kufanya kazi salama bila ngozi kuvutwa, na kuvuta huko huko ndiko kunakoleta madhara yakizidi. Mwenye ndevu zilizonyooka anaweza kupita mara tatu, mara ya kwanza kwa kufuata nywele, mara ya pili kwa kukingama, mara ya tatu kinyume chake, na asipate shida. Mwenye ndevu za kujikunja, kama mimi, pito la tatu linamkopesha raha ya siku moja na kumdai riba ya wiki mbili. Mimi nimelifuta kabisa pito la tatu shingoni, na shavuni nalifanya kwa nadra. Kiganja changu hakifurahi kama zamani. Shingo yangu imetulia.

Na kabla hujafuata nywele ni lazima ujue zinaelekea wapi, jambo ambalo wengi hulikisia. Acha ndevu zikue siku mbili, fumba macho, pitisha ncha za vidole kila upande, na uchore ramani kwenye karatasi kwa mishale midogo. Nilipochora ya kwangu nilikuta kwamba upande wa kushoto wa shingo nywele hazishuki hata kidogo, bali zinalala kuelekea sikioni. Kwa miaka mitatu nilikuwa nikiamini kwamba nazifuata, kumbe nilikuwa nazikingama, na wakati mwingine nikienda kinyume chake moja kwa moja. Hapo shabu ikawa imeeleweka.

Kuhusu maji na povu sitasema mengi, kwa sababu ni sehemu ambayo watu huipenda na kuizungumzia kuliko inavyohitaji. Ndevu zikae na maji ya uvuguvugu dakika mbili au tatu, povu liwe na maji ya kutosha kuteleza, lisikauke usoni. Likikauka ongeza maji, usiongeze sabuni.

Makali ni habari nyingine. Mwaka 2020 watafiti wa chuo cha MIT cha Marekani walichapisha katika jarida la Science uchunguzi wao kuhusu jinsi unywele, ambao ni laini mara 50 hivi kuliko chuma cha wembe, unavyoweza kukimegua chuma hicho. Walionyesha kwamba makali hayaliki tu kidogo kidogo. Unywele unapoinama dhidi ya wembe, na chuma kikiwa na muundo usio sawasawa mahali hapo, kipande kidogo sana hubanduka. Wao walichunguza nyembe za kutupwa, lakini mimi nimeuchukua ugunduzi huo kama sababu nyingine ya kulainisha ndevu vizuri na kuishika pembe, kwani sisi hatutupi wembe, na kila kipande kinachobanduka tutakilipia kwenye kinoo.

Kabla ya kinoo, hata hivyo, kuna ukanda wa ngozi wa kunyooshea makali, na naamini kwamba nusu ya nyembe zinazolalamikiwa kuwa butu zimeharibiwa na ukanda, si na ndevu. Mgongo huongoza, makali hufuata. Mwisho wa ukanda wembe hugeuzwa kwa kuviringishwa juu ya mgongo wake, bila mgongo kuondoka kwenye ngozi. Ukanda huvutwa ukaze, kwa sababu ukilegea hufanya tumbo, na tumbo hilo hupanda na kuyafuta makali unayojaribu kuyanyoosha. Mapito 30 ya polepole yanafaa kuliko 60 ya kasi. Sote tumewahi kuona kinyozi akiupiga wembe kwenye ukanda kama mpiga ngoma, na sote tumejaribu kumwiga, na ukanda wangu wa kwanza una makovu matatu ya mwigo huo. Zamani ziliuzwa seti za nyembe saba, kila mmoja ukiwa na siku yake ya wiki, na baadhi ya watu waliamini kwamba chuma kinahitaji kupumzika. Mimi sijaona tofauti kati ya wembe uliopumzika na wembe uliopitishwa vizuri kwenye ukanda, ila nakiri kwamba seti ya nyembe saba ni kitu kizuri kukitazama.

Sasa tazameni wembe huu nilionao mkononi. Mgongo wake, kwa mtakaouona kwa karibu, una kibapa kipana kinachong'aa kila upande, na upande wa kisigino, yaani ule ulio karibu na mpini, ni kipana kuliko kwenye ncha. Ni mimi niliyekifanya. Wembe wa kukunja umebuniwa kwa hekima kubwa: unaponolewa, mgongo na makali vyote viwili hulala juu ya kinoo, hivyo mgongo wenyewe ndio unaopanga pembe. Mgongo wa milimita 5 kwenye wembe wenye upana wa milimita 18 hutoa pembe ya nyuzi 16 hivi kwenye makali, na kwa kuwa vyote viwili hulika pamoja, pembe hiyo hudumu miaka mingi bila mnoaji kupima chochote. Hekima hiyo inamlinda mnoaji mvumilivu. Haikunilinda mimi. Katika ule mwaka wa tatu, kila wembe ulipovuta kidogo nilirudi kwenye kinoo cha namba 1000, ambacho kazi yake ni kujenga makali upya kuanzia chini, si kuyahuisha, halafu nikapanda hadi namba 4000, namba 8000 na namba 12000, ambako kadiri namba inavyopanda ndivyo kinoo kinavyokuwa laini, na wiki iliyofuata nikaanza tena. Kila mara nilibonyeza kwa vidole viwili, upande wa kisigino zaidi. Kwa miezi michache nikala chuma ambacho mwenye wembe makini angekitumia maisha yake yote, na wembe haukuwa mkali zaidi ya siku niliyoupata.

Kosa langu lilikuwa kwamba sikujua ukali ni nini. Nilikuwa natafuta kitu ambacho sijawahi kukishika. Nilitoka katika shimo hilo siku nilipompelekea mnoaji mzoefu wembe mwingine, akaunoa, nikaunyolea wiki mbili bila kuugusa kwa kitu chochote ila ukanda. Pito la kwanza shavuni lilinifanya nisimame na kuutazama wembe, kwa kuwa nilidhani haukugusa. Povu lilikuwa limeondoka na nywele zimeondoka nalo. Tangu hapo nilikuwa na kipimo, na nikaweza kuambia kinoo changu kwamba bado hakijafika. Nawashauri kwa dhati wale wanaojifunza kunoa wajipe angalau wembe mmoja ulionolewa na mtu anayejua, wauweke kando kama shahidi.

Kisha chagua vinoo vichache na ukae navyo mwaka mzima. Yapo mawe ya asili ya Ubelgiji yenye chembechembe za ganeti, yapo ya Japani, yapo ya kutengenezwa kiwandani yenye namba zisizokosea, na yote yametoa makali mazuri mikononi mwa watu wanaoyafahamu. Jiwe zuri katika mkono unaolibadilisha kila mwezi halitoi kitu. Wakati wa kujenga makali, paka wino mzito kwenye ukingo wa wembe, upitishe kinooni mara mbili, na utazame kwa lenzi mahali wino ulipobaki. Palipo na wino kinoo hakijafika, na hakuna namba ya juu itakayopafikia. Hilo moja lingeniokolea mwaka. Ama kuhusu kile kipimo maarufu cha kuushika unywele ukining'inia na kuugusisha makali, nimekiacha, kwa sababu unywele wa mtu mmoja hukatika ambapo wa mwingine hukataa, na nyembe mbili zilizokata unywele wangu kwa mshindo zilinichuna shingo. Uso ndio unaotoa hukumu.

Yapo mengine ambayo ni ya kukumbushana tu. Wembe wa chuma cha kawaida ukaushwe kabla ya kufungwa na upakwe mafuta mepesi ukiwekwa kwa muda mrefu, kwa kuwa kutu huanzia pale pembamba kuliko pote, yaani kwenye makali. Wembe wako ni wa uso wako peke yako. Virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini aina ya B havitofautishi kati ya ndugu na mgeni, na tone lisiloonekana linatosha. Na wembe ukiponyoka mkononi uache uanguke. Rudisha miguu nyuma, fungua mikono, uache. Mkono una desturi ya kudaka, na desturi hiyo inabidi kuifundisha upya kwa kisu butu cha mezani, mara nyingi, kabla siku yenyewe haijafika.

Kuhusu kutumia mikono yote miwili, nilikataa kwa miaka saba. Nilinyoa shavu la kushoto kwa mkono wa kulia, mpini ukinipita mbele ya macho na kiwiko kikizuia mwanga, nikijiambia kwamba nimezoea. Nilipoanza kutumia mkono wa kushoto nilirudi kuwa mwanagenzi kwa muda wa wiki tano. Ulikuwa unatetemeka kidogo, haukujua pembe, ulitaka kuangaliwa kila hatua. Lakini haukukandamiza hata siku moja, kwa sababu uliogopa. Shabu ilipopita upande ule haikuchoma. Nikalazimika kuutazama mkono wangu wa kulia, ule wenye uzoefu wa miaka saba, na kuuambia ujifunze kwa mdogo wake.

Mheshimiwa Mwenyekiti, huu ni mwaka wangu wa kumi na moja, na kuna eneo chini ya taya la kushoto, lenye ukubwa wa kidole gumba, ambalo bado sijaliweza. Nywele hapo huota kwa kuzunguka, kila upande wa duara ukielekea kwake, na hakuna pito moja linaloweza kuzifuata zote. Nimejaribu kuinamisha kichwa, nimejaribu kuivuta ngozi kuelekea kidevuni, nimejaribu kuligawa duara hilo katika robo nne na kupita kila robo kivyake kwa ncha ya wembe. Wiki hii najaribu kuliacha kabisa katika pito la kwanza na kulirudia mwishoni, nywele zikiwa zimekaa na maji zaidi. Siku mbili za mwanzo palichoma. Leo hapakuchoma, na katika daftari nimeandika neno hilo nikaweka alama ya kuuliza mbele yake.

Nikiwa nayapokea maswali yenu, wembe huu wenye mgongo uliolika utapita kwenu safu kwa safu ili muuone. Naomba kila mmoja aupokee ukiwa umefungwa, aufungue kwa mkono wa pili, na aupitishe kwa jirani yake ukiwa umefungwa tena.